Dira Hufuata Pesa

Maji mengi wanayokunywa watu wa Shinyanga mjini yanachotwa Ihelele, wilayani Misungwi. Mtambo wa KASHWASA, mamlaka ya maji ya Kahama na Shinyanga, unayasafisha hapo hapo, ukiwa na uwezo wa lita milioni 80 kwa siku, kisha unayasukuma hadi tangi la mlima Mabale. Kutoka mlimani ni mteremko: tawi moja linakwenda Kahama, jingine Shinyanga. Mradi huo ulizinduliwa mwaka 2009, na baadaye bomba likarefushwa hadi Nzega, Igunga na Tabora.

KASHWASA huuza kwa jumla, na SHUWASA, mamlaka ya maji ya Shinyanga mjini, hununua na kusambaza. Mpaka wao ni dira kubwa ya bomba kuu: tone likivuja kabla ya dira, hasara ni ya muuzaji, likivuja baada yake, ni ya mnunuzi. Dira za aina hii mara nyingi ni za sumaku-umeme. Hazina panga ndani. Maji yakipita kwenye sumaku huzaa volti ndogo, na kwa volti hiyo kasi yake hujulikana. Sharti bomba lijae. Umeme ukikatika na maji yakarudi yakisukuma hewa, namba za muda huo si za kuaminika, hata zikionekana vizuri kabisa kwenye kompyuta ya ofisini.

Huko kwenye bomba kuu, walau, kuna macho mengi. Ukiingia mitaani hesabu inaanza kuponyoka. EWURA, mdhibiti wa huduma za maji, inataka upotevu usizidi asilimia 20, na mtu akisikia upotevu anawaza bomba lililopasuka au jirani aliyejiunganishia kinyemela. Wapo hao. Lakini angalia simtanki lenye koki ya boya: linapokaribia kujaa, boya linabana na maji yanaingia kama uzi. Uzi huo hauna nguvu ya kuzungusha panga la dira iliyochakaa. Tangi linajaa, namba haisogei, na hakuna aliyeiba. Dira ya malipo ya kabla haiponyi ugonjwa huu, kama kilichobadilishwa ni namna ya kulipa tu na panga ni lile lile.

Mafundi wana njia ya kuusaka upotevu: kufunga valvu za mipaka ya kanda moja, kisha kupima maji yanayoingia saa nane usiku, watu wakiwa wamelala. Mengi ya yanayopita muda huo huhesabiwa kuwa yanavuja. Njia hii ilikomazwa Uingereza, ambako maji hayakatiki. Katika mji wa mgao, saa nane usiku ndipo matangi yanapojaa. Fundi asiyelijua hilo atachimba barabara nzima akitafuta mpasuko ambao haupo.

Hayo yote ni maji yanayouzwa. Sogea sasa upande wa Geita, kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu, ambako karasha zinasaga mawe, zebaki inakamata dhahabu, na marudio, yaani mchanga uliobaki, yanarundikwa kusubiri sayanaidi. Tope, klorini na uchachu wa maji vinaweza kupimwa kila dakika kwa kifaa kilichofungwa bombani. Zebaki kwa kawaida haipimwi hivyo. Inataka sampuli iliyochukuliwa kwa chupa safi, ikatiwa asidi isipotee njiani, ikapelekwa maabara, maana kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 6 tu kwa lita. Tena zebaki hupenda kujificha kwenye mashapo, si katika maji yanayoonekana. Ndiyo maana watafiti waliofika Rwamagasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya mradi wa kimataifa wa UNIDO, hawakuishia kwenye maji: walipima mashapo, samaki na miili ya watu.

Nadhani hofu kubwa isiwe kwenye bomba la Ihelele. Iwe kwenye kisima kifupi na kijito kilicho chini ya mwalo, ambako hakuna bili, kwa hiyo hakuna dira wala msomaji wa dira. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na RUWASA ipo tangu 2019 kwa ajili ya maji ya vijijini. Visima vya jirani na mialo vipangiwe tarehe za kupimwa zebaki na sayanaidi, kiangazi na masika, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.