Aliyefika wa Pili Ndiye Aliyeshinda

Agosti 2013, huko Mongolia, Mmarekani mmoja kwa jina Devan Horn alivuka mstari wa mwisho wa mbio za farasi za kilomita 1,000 kabla ya mtu mwingine yeyote. Daktari wa mifugo akaja, akamwekea farasi kifaa cha kusikiliza moyo, wakasubiri. Sheria ilitaka mapigo yashuke hadi 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa. Hayakushuka. Horn akapigwa adhabu ya saa mbili. Kabla saa hizo kuisha, msichana Mwingereza wa miaka 19, Lara Prior-Palmer, alikuwa ameshafika. Farasi wake alitulia. Yeye ndiye akatangazwa mshindi wa Mongol Derby, mwanamke wa kwanza kuzishinda tangu zianzishwe 2009.

Miaka sita baadaye, 2019, akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo, *Rough Magic*. Nimekisoma mara mbili kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Mara ya kwanza nilikipenda. Mara ya pili bado nilikipenda, ila nikaanza kukihesabia pesa.

Tuweke mambo sawa kwanza. Sisi wa Nairobi tukisikia mbio za farasi tunafikiria Ngong Road, Jumapili, watu wamevaa kofia. Mbio zinaanza ukifungua soda na zinaisha kabla hujapiga funda la tatu. Dakika mbili hivi, imeisha. Sasa chukua hiyo dakika mbili uifanye siku saba, nane, hadi kumi. Ondoa jukwaa. Ondoa uzio. Ondoa barabara. Kila kilomita 40 hivi unafika kituo, unamrudisha farasi, unachagua mwingine kutoka kwenye kamba, mnajuana mkiwa njiani. Ukimaliza utakuwa umepanda farasi kama 25 au zaidi, wengine hawajazoea mtu kabisa. Uzito wako na nguo zako usizidi kilo 85, mzigo usizidi kilo 5. Waandaaji, kampuni ya Uingereza, wanasema wanafuata mfumo wa posta wa Genghis Khan na wanawe, ambapo mjumbe alibadilisha farasi kituo hadi kituo na habari ikavuka bara zima. Yaani ni relei, ila anayebadilishwa ni farasi. Mtu ni yule yule, na makalio ni yale yale.

Prior-Palmer anaandika vizuri kuhusu makalio. Nasema hivyo kwa heshima. Vitabu vya safari vimejaa watu wanaokutana na nafsi zao juu ya milima, na huyu anakutana na mvua, matope, tumbo, na farasi asiyetaka kukimbia. Alijiandikisha dakika za mwisho. Hakuwa na mpango na maisha. Alikuwa ameshakuwa yaya kule Austria na haikuenda popote. Siku za kwanza za mbio yuko nyuma kabisa. Halafu polepole, bila kupenda, anagundua kwamba anataka kumshinda Devan Horn. Hapo ndipo kitabu kinakuwa kizuri sana. Hajifanyi mnyenyekevu. Anaiona tamaa ikimpanda kama homa na anaiandika hivyo hivyo, na wivu wake wote, na vitoto vyake vyote.

Jina la kitabu limetoka kwa *The Tempest* ya Shakespeare, ile S. S. Mushi aliyoitafsiri mwaka 1969 akaiita *Tufani*. Linafaa. Tufani ziko nyingi humo, na mchawi wa mle anaishi kwa kazi ya watumishi wasiopewa shukrani. Nitarudi kwa hilo.

Swali ambalo kitabu hakijalichimba ni kwa nini mbio za aina hii ni chache hivi duniani. Binadamu amekaa na farasi kwa maelfu ya miaka. Ungedhani kila nchi ina yake. Jibu, nikilitazama kwenye historia, halipendezi. Mwaka 1892 maafisa wa majeshi ya Ujerumani na ya Austria-Hungary walishindana kati ya Berlin na Vienna, kama kilomita 580, farasi mmoja kwa kila mtu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mshindi, Count Starhemberg, alifika kwa muda uliopungua kidogo siku tatu. Farasi wengi walikufa. Wa mshindi alikufa pia. Mwaka uliofuata Wamarekani wakafanya zao, kutoka Chadron, Nebraska, hadi Chicago, kama kilomita 1,600, na safari hii watetezi wa wanyama walipiga kelele hadi wakaguzi wakawekwa njiani kuwaangalia farasi. Ukaguzi wa aina hiyo njiani ndio kiini cha mbio ndefu zote za leo. Bila huo, mchezo ni kumpanda mnyama hadi aanguke halafu kuhesabu nani ameanguka mbele zaidi.

Ndiyo maana nampenda yule mzee wa California, Wendell Robie, aliyeanzisha Tevis Cup mwaka 1955: kilomita 160 za milima, ndani ya saa 24, na madaktari njiani. Kuna kombe la aliyefika kwanza. Lakini tangu miaka ya 1960 kuna kombe lingine, Haggin Cup, ambalo huenda kwa farasi aliye katika hali bora kati ya kumi wa kwanza. Wanamwangalia kesho yake asubuhi, akishalala. Fikiria mchezo wowote tunaoujua ukiwa na tuzo ya hivyo. Fikiria marathoni ambapo kuna mtu anarudi kesho kuuliza magoti yako yakoje.

(Nikiwa hapo kwa Tevis: mwaka 1974 jamaa anaitwa Gordy Ainsleigh, ambaye farasi wake alikuwa amechechemea mwaka uliotangulia, aliamua kuikimbia njia yote kwa miguu. Alitumia saa 23 na dakika 42. Mbio za maili mia za Western States zilizaliwa hapo. Kwa hiyo mkimbiaji yeyote wa milimani anadaiwa kitu na farasi mmoja mwenye mguu mbovu.)

Na hata kukiwa na madaktari, mambo huharibika. Mashindano ya dunia ya 2018 kule Tryon, North Carolina, mbio ndefu zilianza kwa watu kuelekezwa njia isiyo sahihi, zikaanzishwa upya zikiwa fupi zaidi, kisha zikafutwa kabisa kwa sababu ya joto na unyevu. Farasi mmoja wa New Zealand ikabidi alazwe milele baadaye. Jina lake Barack Obama. Sijui kicheko changu cha kwanza niliposoma hivyo nikiweke wapi. Miaka mitatu kabla, shirikisho la kimataifa lilikuwa limeifungia Falme za Kiarabu kwa muda, kwa mambo ya ustawi wa farasi katika mbio hizi hizi.

Kwa hiyo mbio ndefu ni chache kwa sababu ukiziendesha vibaya zinaua, na ukiziendesha vizuri hakuna cha kuonyesha kwenye TV. Nani ataketi kutazama farasi akisimama kwenye kivuli dakika ishirini, mtu akimmwagia maji shingoni, wote wakingoja moyo utulie? Mimi ningetazama. Lakini mimi si soko.

Hollywood walilijua hilo, ndiyo wakatuletea *Hidalgo* mwaka 2004. Viggo Mortensen ni Frank Hopkins, mchunga ng'ombe wa Marekani anayeenda Arabuni mwaka 1890 kushindana kilomita zaidi ya 4,800 jangwani. Kuna dhoruba ya mchanga, kuna nzige, kuna Omar Sharif akiwa sheikh. Disney waliitangaza kama hadithi ya kweli. Wanahistoria waliochimba hawakupata ushahidi wa mbio hizo kuwahi kuwepo. Zilitoka kinywani mwa Hopkins mwenyewe, pamoja na mamia ya mbio nyingine alizodai kushinda. Uongo wenyewe haunisumbui sana, hata mjomba wangu alicheza na timu ya taifa ukimsikiliza. Kinachonisumbua ni mwisho. Hidalgo ameumia, amelala chini, mwenye farasi anajiandaa kumpiga risasi ya huruma. Halafu, baada ya wimbo na maono, farasi anasimama mwenyewe. Mtu anampanda bila tandiko. Wanashinda.

Angalia hapo kuna nini. Kilele cha filamu ni kitu kile kile ambacho daktari wa mifugo amewekwa kukizuia. Filamu inataka tuamini kwamba farasi anayekufa amekubali. Amesimama, si umeona? Ametaka mwenyewe. Hii ni hadithi ninayoijua sana kutoka kwa kazi zetu za mjini: mtu wa bodaboda anayelala saa tatu tunamwita hasla, tunampigia makofi, na hakuna anayemshika mkono kuhesabu mapigo.

Mongol Derby, kwa kasoro zake zote, haikubali hadithi hiyo. Farasi hakuulizwa kama anataka. Lakini moyo wake ukisema 70, umesema 70, na hata ukiwa bingwa utakaa chini. Hicho ndicho kinachonivutia kwenye mbio hizi kuliko nyika na machweo. Na ndicho kilichompa Prior-Palmer ushindi, jambo ambalo kitabu chake kinalibeba kwa uaminifu: hakufika wa kwanza. Alifika na farasi mzima zaidi.

Sasa nirudi kwenye pesa. Leo kuingia Mongol Derby ni zaidi ya dola 10,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja, kabla hujakata tikiti ya ndege. Shangazi yake mwandishi ni Lucinda Green, mmoja wa wapanda farasi maarufu zaidi Uingereza, aliyeshinda Badminton mara sita kwa farasi sita tofauti. Ukisoma wasifu wake unaona baada ya mbio alienda kusoma Stanford. Sisemi haya kumchukia. Nasema kwa sababu kitabu kinauzwa kama hadithi ya msichana aliyepotea akajitupa porini. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikwama, na nilikuwa na miaka ile ile 19. Kupotea kwangu kulikuwa na mwenye nyumba. Mtu anaweza kuanza siku mbili nyuma ya kila mtu akiwa na uhakika kwamba, akishindwa, kuna pahali pa kurudi. Prior-Palmer anajua hili. Kuna kurasa anajikejeli kwa uzao wake na nchi yake. Lakini kejeli ni nyepesi kubeba, haizidi zile kilo 5. Ningetaka mara moja tu asimame kituoni aulize bei.

Na kituoni kuna watu. Hapa ndipo ninapogombana na kitabu kweli. Kwenye jalada mbio hizi zinaitwa za upweke kuliko zote duniani. Upweke wa nani? Kila kilomita 40 kuna familia imeleta farasi wake, imechemsha chai, imepika nyama, imekesha ikilinda wanyama wasitoroke. Mongol Derby moja hutumia mamia kwa mamia ya farasi na wote wana wenyewe. Katika kitabu wafugaji wanaonekana, tena wakati mwingine kwa upendo, lakini wanapita kama nguzo za stima ukiwa kwenye matatu. Nakubali ni mbio zenyewe zinazomlazimisha. Huwezi kuketi kujua jina la mtoto huku Devan Horn anapotea kwenye kilima. Lakini kitabu kiliandikwa akiwa ameketi. Alikuwa na miaka.

Wamongolia wana mbio zao. Kila Julai, kwenye sikukuu ya Naadam, farasi hukimbia kilomita 15, 20, hata karibu 30 kutegemea umri wao, na wapandaji ni watoto. Naam, watoto, na mjadala wa usalama wao uko na ni wa haki. Sifa nyingi huenda kwa farasi na kwa aliyemfundisha. Lakini kuna desturi moja ninayoiwaza sana. Katika mbio za farasi wa miaka miwili, yule anayefika wa mwisho kabisa huimbiwa. Anaimbiwa wimbo wa tumbo lililoshiba, wa kumtakia heri mwakani, kwa sababu bado ni mdogo na njia ilikuwa ndefu.

Hakuna filamu ya Hollywood itakayomaliza kwa farasi huyo. Na *Rough Magic*, kitabu bora zaidi nilichosoma kuhusu mbio ndefu, hakikupata nafasi ya kumsikia, maana mwandishi alifika Agosti. Soma kitabu hata hivyo. Soma hasa kurasa za katikati, pale anapoanza kuhesabu dakika kati yake na Horn, halafu nenda utazame ile dakika ya *Hidalgo* akiinuka kutoka mchangani, uone kama bado unaweza kupiga makofi.

Mimi nangoja kingine. Kitabu cha mwenye kituo namba kumi na nane, tuseme, kuhusu wiki ile ile ya 2013: wageni karibu thelathini wanatokea mmoja mmoja kutoka kwenye upeo, wamechubuka, wameloa, hawajui kuomba maji, na yeye anaangalia farasi gani amrudishiwe na farasi gani amtoe, na ampe nani yule mkorofi. Hicho ningekinunua kabla ya kulipa kodi ya nyumba.