Mahali pa Kusimama: Jinsi Furaha ya Kila Siku Inavyopigwa Picha kati ya Nundu na Baraka

Ufuko wa Fizi, huko Kivu Kusini mashariki mwa Kongo, kuanzia Swima, kupita Mboko, Nundu na Lusenda hadi Baraka, hutazama mashariki. Ziwa Tanganyika liko upande jua linakochomoza, na milima ya Mitumba imesimama upande wa machweo. Kwa anayepiga picha za maisha ya kila siku hapa, mpangilio huo wa maji na milima huamua mambo mengi kuliko kamera aliyoishika. Asubuhi, aliyesimama kando ya Barabara ya Taifa namba 5 akaelekeza lenzi ziwani huwaona watu kama vivuli vyeusi mbele ya anga inayong'aa. Akishuka ufukweni, akaingia majini hadi magotini na kugeuka kutazama kijiji, watu walewale wanapata nyuso. Jioni mambo hugeuka: jua hujificha nyuma ya milima kabla ya kuzama lenyewe, kivuli kikateremka juu ya nyumba huku maji ya mbali bado yanameta. Muda huo, ambao vijijini ni wa kuchota maji, kupika na watoto kucheza mpira, una mwanga mpole usio na ncha kali, na ndio muda bora wa kupiga picha za nyuso katika siku nzima.

Baraka ina tofauti yake. Jua la asubuhi hutokea juu ya vilima vya rasi ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba iliyopewa jina la Burton, Mwingereza aliyepita kwa mitumbwi pamoja na Speke mwaka 1858. Kwa kuwa vilima viko karibu, mwanga wa kwanza huchelewa kidogo na hufika ukiwa tayari na nguvu. Nundu, ambako ng'ambo ni Burundi na ziwa ni pana, mwanga hufika mapema, ungali laini. Anayepanga kupiga picha za soko la samaki sehemu zote mbili hana budi kubadilisha saa yake.

Furaha ya ufukweni hufuata mwezi. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, kwa sababu samaki hao huvutwa na mwanga. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta, na sasa nyingi ni za betri. Usiku wa mbalamwezi taa hupoteza nguvu yake juu ya samaki, hivyo siku zinazozunguka mwezi mpevu wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Hapo mpigapicha ana kalenda mbili ndani ya mwezi mmoja. Siku za giza, tukio liko ufukweni alfajiri: mitumbwi inarudi, wanawake wanasubiri na mabeseni, bei inatajwa kwa sauti, mtu anacheka kwa sababu usiku ulikuwa mwema. Siku za mbalamwezi, tukio liko uani: baba aliyekuwa halali nyumbani anaonekana mchana amempakata mtoto. Picha ya pili ni adimu katika kumbukumbu za maeneo ya uvuvi, na sababu yake ni kwamba wageni huenda kutazama mitumbwi.

Mtumbwi unapofika, kosa la kawaida ni kuufuata mtumbwi wenyewe. Kinachobeba hisia ni uso wa anayeinama juu ya beseni kuhesabu alichopata. Mchanga uliolowa maji na aluminiamu ya beseni hurudisha mwanga juu, ukaingia chini ya kidevu na ndani ya macho, mahali ambapo jua la juu lisingefika. Mpigapicha akichuchumaa karibu na beseni, kwa lenzi ya milimita 35, mwanga huo anaupata bure. Akisimama mbali na lenzi ndefu ya milimita 200, ataupata uso, lakini mikono, samaki na majirani wanaochungulia watakatwa nje ya fremu, na furaha ya kushirikiana itabaki tabasamu la mtu mmoja tu.

Mchana ni mgumu. Eneo hili liko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tena mapema Oktoba, na katika miezi mingine pia halisogei mbali na utosi. Saa sita mchana macho huzama katika vivuli viwili vyeusi. Suluhisho ni mti, lakini si kila mti. Michikichi, iliyotapakaa Fizi kwa ajili ya mawese, hutoa kivuli chenye michirizi inayozikata nyuso vipandevipande. Mwembe mkubwa hutoa kivuli kizito kilicho sawasawa, na ukisimamisha watu ukingoni mwake, wakitazama uwanja wenye jua, mwanga unaorudi kutoka ardhini huwafikia usoni. Ardhi nyekundu hupaka ngozi joto fulani la rangi; mchanga mweupe wa ufukweni haufanyi hivyo.

Kupima mwanga kwa ngozi nyeusi kunahitaji maelezo ya peke yake, maana hapa ndipo picha nyingi za harusi huharibika. Kipima-mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kinachokiona ni cha kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Gauni jeupe la bibi harusi hurudisha mwanga mwingi zaidi ya hapo, na ngozi nyeusi hurudisha pungufu. Kati ya shela na shavu kunaweza kuwa na tofauti ya hatua tatu za mwanga au zaidi. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, gauni likiwa kubwa ndani ya fremu, uso hugeuka kuwa doa jeusi. Anayejali hupima usoni, akakubali shela ipoteze baadhi ya nyuzi zake. Au, kwa busara zaidi, huwapeleka maharusi kivulini ambako tofauti hiyo hupungua. Uso ndio uliomwita mpigapicha harusini.

Ugumu huo haukutokana na ngozi. Kwa miongo kadhaa filamu na maabara za picha za rangi zilisawazishwa kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley, na watu weusi walitoka katika picha hizo bila umbo la uso. Malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, ambao bidhaa zao za hudhurungi zilitoka vibaya, ndiyo yaliyosaidia kusukuma marekebisho ya filamu. Kamera za kidijitali za leo zina uwezo mpana zaidi, na faili ghafi huruhusu kuinua vivuli baadaye. Hata hivyo programu za simu zinazolainisha na kung'arisha uso zimerudisha kosa la zamani kupitia mlango mwingine, na mteja anayeombwa alipie picha yake ana haki ya kutambulika na shangazi yake.

Sherehe yenyewe ni mwendo. Siku ya kutoa mahari, ambayo Wakongo wengi huiita dot, ndugu wa mume huingia wakicheza, wamevaa vitenge vya aina moja, vitu vikiwa vichwani. Kwa kasi ya shata ya 1/250 kila mguu huganda hewani na picha hukosa ngoma. Kwa 1/30 miguu na pindo za vitenge huacha mkia wa rangi, huku uso wa anayecheza ukibaki dhahiri ikiwa kamera imesogezwa pamoja naye kwa mwendo uleule. Jambo hilo halijifunzwi ukiwa umesimama pembeni. Anayejua wimbo anajua pia ni lini safu itainama, ni lini shangazi ataachia vigelegele, na kidole chake kiko tayari kabla ya wakati huo kufika. Kanisani ni hivyo hivyo kwa kwaya: jengo la mabati lenye madirisha madogo ni giza, mlango uko nyuma na unamwaga mwanga mkali, kwa hiyo mahali pa kusimama ni ukutani upande wa madirisha, kasi haishuki chini ya 1/60, na taa ya kamera huzimwa kwa sababu humkata mtu aliye katika sala.

Kuna furaha moja ya Kongo inayostahili kupigwa picha kuliko zote kwa uzuri wake wa kimwanga: siku ya matokeo ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Waliofaulu humwagiwa poda nyeupe na ndugu na marafiki, wakapita mitaani wakiimba. Chembe za poda zikiangaziwa kutoka nyuma huwaka na kuonekana kama wingu linalomzunguka mtu. Zikiangaziwa kutoka mbele hupotea kabisa. Ufukweni mwa Fizi jambo hilo lina jibu rahisi: saa za mchana kuelekea jioni, mpigapicha atangulie upande wa ziwa na kutazama milimani, ili jua litokee nyuma ya vijana. Uso uliopakwa poda hudanganya kipima-mwanga kama gauni la harusi, kwa hiyo fremu za kwanza hukaguliwa. Kioo cha kamera hufunikwa, maana poda ikiingia kwenye pete ya lenzi haitoki kwa kupulizwa.

Haya yote ni nusu ya kusimama. Nusu ya pili inahusu uhusiano wa mpigapicha na watu, na katika Kongo ina historia nzito. Miongoni mwa picha za mapema zilizoitambulisha nchi hii duniani ni za mateso: mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga picha baba aliyeitwa Nsala akitazama mguu na mkono wa binti yake iliyokatwa. Picha hiyo ilikuwa ya haki na ilisaidia kuufichua utawala wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Fizi nayo iliingia katika macho ya dunia kwa njia ya silaha, Che Guevara alipokuwa katika milima yake kuanzia Aprili hadi Novemba 1965, na baadaye kwa vita vya miaka ya 1990 na wakimbizi. Tangu 2015 kambi ya Lusenda imepokea Warundi. Anayekuja kwa siku mbili kutafuta habari huipata habari aliyoitarajia.

Wakongo wenyewe walikuwa na desturi nyingine kwa muda mrefu. Jean Depara alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 kwa ajili ya harusi yake mwenyewe, kisha akawa mpigapicha wa mwanamuziki Franco na wa usiku wa Kinshasa; picha zake zinatuonyesha watu waliokwenda kufurahi na waliojua wanapigwa picha. Wageni nao walianza kubadilika: mwaka 2012 waandishi wa habari Peter DiCampo na Austin Merrill, wakiwa Côte d'Ivoire, walianza mradi wa Everyday Africa kwa kupiga kwa simu mambo ya kawaida ambayo kazi yao ya habari iliyaacha nje. Jambo la karibu zaidi na Kivu lilitokea 2020. Mpigapicha Finbarr O'Reilly, mshindi wa tuzo ya Carmignac ya picha za habari, iliyokuwa imeelekezwa Kongo mwaka huo, alizuiwa na kufungwa kwa mipaka wakati wa korona. Kazi ikageuzwa kuwa mradi wa pamoja uitwao Congo in Conversation, ambamo wapigapicha wa Kongo, wakiwemo Moses Sawasawa, Arlette Bashizi, Raissa Karama Rwizibuka na Pamela Tulizo, walipiga picha mahali walipokuwa wakiishi. Umbali kati ya kamera na mtu ulipungua kwa sababu mtu huyo alikuwa jirani.

Ujirani huo una kanuni zake za kazi. Mpigapicha hujitambulisha kwa chifu wa kijiji au mzee wa kanisa kabla ya kutoa kamera mkobani, hasemi na watoto peke yao bali na mzazi, na huweka lenzi chini anapopita penye kizuizi cha barabarani au askari. Mkimbizi wa Lusenda aliyekimbia watu wanaomfahamu huulizwa mara mbili, mara ya kupigwa na mara ya kuonyeshwa kwa wengine, maana uso wake unaweza kumfuata hadi alikotoka. Kwenye kilio, ambako ndugu hukesha pamoja na kuimba, kazi inafanywa kutoka nyuma ya waombolezaji, bila taa, na kwa ombi la familia tu. Picha za mabega yaliyoegemeana husema yanayotosha, na wafiwa hubaki na heshima ya kutoonekana wakilia.

Baada ya hapo inabaki kazi ya kurudisha. Kwa watu wengi wa vijiji hivi picha inayotumwa kwenye simu hupotea simu inapoharibika, na umeme wa kuchaji wenyewe hutoka kwenye sola. Nakala ya karatasi, hata ya sentimita 10 kwa 15, hudumu ukutani. Studio ya Capital Art ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit, imeweza kuonyesha harusi na sikukuu za vizazi kadhaa kwa sababu picha zilitunzwa sehemu moja. Ukingoni mwa ziwa unyevu ni adui wa karatasi na kadi za kumbukumbu pia: faili huwekwa katika diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, kamera hufungwa ndani ya chombo chenye vifuko vya kunyonya unyevu, na nyuma ya kila nakala huandikwa kwa penseli jina la kijiji, tarehe, na majina ya walioonekana kama walivyoyataja wenyewe.