Jina Moja, Dhana Mbili: Uhakiki wa Majaribio ya Dawa za Vipokezi na Kumbukumbu Tendaji ya Panya

Kauli kwamba dawa fulani imedhoofisha kumbukumbu tendaji ya panya huonekana kuwa hitimisho lililo wazi. Makala haya yanahoji uwazi huo. Hoja ya msingi ni kwamba istilahi hiyo imebeba dhana mbili zisizolingana, na mshauri wa sera asiyezitenganisha anaweza kuunga mkono dawa isiyohusiana na tatizo linalokusudiwa kutibiwa.

Mwaka 1974, Alan Baddeley na Graham Hitch waliieleza kumbukumbu tendaji ya binadamu kuwa uwezo wa kushikilia taarifa chache kwa muda mfupi huku zikifanyiwa kazi akilini, kama afanyavyo mtu anayejumlisha bei bila karatasi. Mwaka 1976, David Olton na Robert Samuelson walitumia mzingile wenye njia 8, kila njia ikiwa na chakula mwishoni. Panya alipaswa kukumbuka njia alizokwisha kuzipita. Katika mapokeo ya Olton, kumbukumbu tendaji ni taarifa inayofaa kwa zamu moja tu ya jaribio, hata ikihifadhiwa kwa saa kadhaa. Kigezo cha kwanza ni muda na uchakataji; cha pili ni matumizi.

Tofauti hiyo hubadili maana ya matokeo. Mwaka 1999, Steele na Morris walichunguza panya waliotafuta jukwaa lililofichwa chini ya maji, ambalo mahali pake palibadilishwa kila siku. Panya waliopewa AP5, dawa inayozuia vipokezi vya glutamati aina ya NMDA, walipakumbuka mahali hapo baada ya sekunde 15, lakini walishindwa baada ya dakika 20 na baada ya saa 2. Kwa kigezo cha Olton, dawa imeharibu kumbukumbu tendaji. Kwa kigezo cha Baddeley, kumbukumbu tendaji imesalimika. Kilichoharibika ni uhifadhi wa muda mrefu zaidi. Data ni zile zile, hitimisho ni mawili yanayopingana.

Udhaifu wa pili umo katika skopolamini, dawa inayozuia vipokezi vya asetilikolini aina ya muskarini na ambayo hutumiwa mara nyingi kuiga upotevu wa kumbukumbu. Dawa hiyo huvuruga pia umakini na mwendo, tena hupanua mboni za macho. Panya anayekosea njia huenda hakusahau. Huenda hakuona vizuri wala hakuzingatia tangu mwanzo. Jaribio lisilolinganisha vipindi vifupi na virefu vya kusubiri haliwezi kuamua lipi limetokea.

Gharama ya utata huu huwaangukia wagonjwa. Idalopirdini, inayozuia kipokezi cha sita cha serotonini, ilirejesha uwezo wa panya waliopewa fensaiklidini kutambua kitu kigeni. Hata hivyo, majaribio matatu yaliyohusisha wagonjwa 2,525 wa Alzheimer, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, hayakuonyesha nafuu ya utambuzi. Kumtambua mgeni miongoni mwa vitu viwili si sawa na kushika fikra huku ukizifanyia kazi.

Haimaanishi kwamba panya hawana la kufundisha. Utafiti wa dopamini una uzito zaidi kwa sababu umevuka mipaka ya spishi. Mwaka 1979 ilionyeshwa kwamba kupungua kwa dopamini katika gamba la mbele la ubongo wa nyani kulidhoofisha utendaji wao katika kazi za kusubiri. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba kuchochea kupita kiasi vipokezi vya D1 katika eneo hilo hilo kwa panya kulileta madhara pia. Funzo lake ni la kiasi: pungufu hudhuru, na ziada hudhuru.

Kiswahili, ambacho bado kinajenga istilahi zake za sayansi ya ubongo, hakilazimiki kurithi mkanganyiko huu. Inafaa *kumbukumbu tendaji* ibaki kwa dhana ya Baddeley, na *kumbukumbu ya zamu* itumike kwa dhana ya Olton. Kwa upande wa sera, ripoti yoyote ya dawa na panya itakiwe kutaja kigezo kilichotumika, urefu wa kusubiri, na vipimo vya kuona, mwendo na umakini. Pasipo hayo, neno kumbukumbu katika ripoti hiyo halitoshi kuwa msingi wa uamuzi.