Baada ya P0171

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, wenye magari wengi hutaka jambo moja: mashine ichomekwe, itoe jibu, spea ibadilishwe, safari iendelee. Wapo mafundi wa kuwaridhisha. Fundi wa namna hiyo anachomeka, anasoma namba ya hitilafu P0171, anatangaza kwamba injini inapata hewa nyingi na mafuta kidogo, na hapo hapo mteja anatumwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kununua sensa ya oksijeni. Mimi nawahusudu wale wengine, wanaoisoma namba hiyo wakanyamaza.

Wana sababu ya kunyamaza. Kompyuta ya injini ya petroli hulenga uwiano wa takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta. Sensa iliyo kwenye ekzosi hupima oksijeni iliyobaki baada ya mlipuko. Ikizidi, kompyuta huongeza mafuta kwa kurefusha muda wa nozeli kufunguka. Ikiongeza na kuongeza mpaka ifike kikomo chake, ndipo inapowasha taa na kuandika P0171. Kwa hiyo sensa ni shahidi aliyesema kweli, na huyo ndiye anayeng'olewa!

Fundi mjuzi hafuti namba mapema. Pamoja nayo, kompyuta imehifadhi hali ya gari wakati taa ilipowaka: mwendo, joto la injini, mzigo. Ukifuta namba, na hayo yamekwenda. Anayanakili kwenye daftari kwanza, kisha anafungua ukurasa wa data zinazobadilika injini ikiwa inafanya kazi, na hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza.

Macho yake yako kwenye asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, tuseme inasoma 22 juu. Anakanyaga taratibu hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, anashikilia, anasubiri. Asilimia ikishuka hadi 4 au 5, tayari amejua upande wa kutafuta: kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, bila kupita kwenye sensa ya hewa. Injini isipokanyagwa huvuta hewa kidogo, hivyo ufa mdogo kwenye mpira wa bomba unahesabika sana. Ikikanyagwa, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi inamezwa humo. Mambo yakiwa kinyume, asilimia ikawa tulivu mwanzoni kisha ikapanda kila gari linapobeba mzigo, anaacha mipira na kuanza kushuku pampu ya mafuta iliyochoka, chujio lililoziba, au sensa ya hewa iliyoshika vumbi. Kwa kukanyaga mara moja tu, nusu ya injini imeondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Sijui ni fani ngapi zinazoweza kupata mengi kiasi hicho bila kufungua hata nati moja.

Mengine ni mepesi zaidi, lakini yana uzuri wake. P0301 inasema silinda ya kwanza inamisi. Kwa spana namba 10 anahamishia koili yake silinda ya tatu, anawasha; ikija P0303, koili imejishtaki yenyewe. Au atauliza, "Bosi, gari limelala hapa tangu saa ngapi?" Anauliza kwa sababu injini iliyopoa usiku kucha inapaswa kuonyesha joto la maji na joto la hewa yakikaribiana. Mashine ikidai maji yana nyuzi 40 chini ya sifuri, asubuhi, Dar es Salaam, anaanza kutafuta waya uliokatika.

Soketi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani, ambamo mashine huchomekwa, ilitokana na sheria za hewa safi za Marekani, zilizoilazimisha kwa magari mapya ya abiria kuanzia mwaka 1996. Japani haikufungwa na sheria hizo, ndiyo maana baadhi ya magari ya zamani tunayoyaagiza kutoka huko yana soketi ile ile, na bado kifaa cha bei rahisi cha kuunganishwa na simu hakielewani nayo. Fundi wa kweli ana mashine zaidi ya moja, na moja huwa imefungwa kwa utepe.

Tukirudi kwenye P0171, ufa ukishapatikana na mpira mpya kufungwa, kazi haijaisha. Kijana wake anaendesha, yeye anakaa kiti cha abiria na mashine mapajani, wakitafuta kilima na foleni. Asilimia ya papo kwa papo hushuka upesi. Ile ya muda mrefu, ambayo kompyuta imeijenga kwa mazoea, hujivuta. Hatoi funguo mpaka nayo ishuke, na mteja mwenye haraka huambiwa achukue bajaji.