KUMWOKOA ADUI: NANI ALIPAYE?

Katika hadithi nyingi hufika saa ambayo shujaa humkuta adui yake yu taabani. Adui amefungwa, au anazama, au shingo yake imo chini ya upanga, na uhai wake wategemea neno moja la mtu yule yule aliyemdhulumu. Wasomaji wetu huipenda saa hiyo, na walimu wetu huipenda zaidi, kwa sababu ni rahisi kuitolea somo: shujaa akiokoa, husemwa kuwa ana huruma, akiua, husemwa kuwa ana haki au ana ukatili, kwa kadiri ya maoni ya msemaji. Kusudi la makala haya ni kuichungua saa hiyo katika vitabu vichache vilivyotungwa au kufasiriwa kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba swali lenye manufaa kwa mhakiki si hilo la moyo wa shujaa. Swali ni hili: uhai wa adui ukiisha kuokolewa, gharama yake hulipwa na nani?

Lugha yenyewe yatuelekeza huko. Kisasi twakilipa, ama twakilipiza. Na vitenzi hivyo ni vitenzi vya deni. Neno lenyewe latokana na Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu, ambayo pwani yetu imeishi nayo kwa karne nyingi, kisasi cha damu ni haki ya warithi wa aliyeuawa. Waweza kuidai, waweza kupokea dia badala yake, na waweza kusamehe. Katika mazungumzo ya leo neno hilo limebaki na maana ya kwanza tu, hata msamaha umekuwa kama kitu kilicho nje ya kisasi, na hali zamani ulikuwa mmoja wa milango yake. Kadhalika yafaa tutenge mambo matatu ambayo huchanganywa. Kutomwua adui ni kuacha tendo. Kumwokoa ni kutenda. Kumsamehe ni kufuta deni. Mtu aweza kufanya moja katika hayo asifanye mengine, na watungaji bora ni wale waijuao tofauti hiyo.

Tuanze na Liyongo. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa huyo haogopi silaha yoyote, na siri ya kifo chake ni sindano ya shaba itiwayo kitovuni. Mfalme wa Pate amtuma mwana wa Liyongo mwenyewe kumwuliza babaye siri hiyo. Jambo la ajabu katika kisa hiki ni kwamba Liyongo ang'amua. Amwambia mwanawe kuwa amedanganywa na kwamba hatapata aliyoahidiwa. Kisha amwambia siri. Hapa adui ni damu yake, naye yu mbele yake, hana nguvu za kushindana naye. Liyongo angaliweza kumfukuza, au kumdanganya, au kumwua. Amwachia uhai, na uhai huo aulipia kwa uhai wake. Utenzi haumwiti mpumbavu wala haumsifu kwa upole. Waionyesha gharama tu, na kutuacha nayo: maiti iliyopiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wa mji wasithubutu kwenda kuteka maji.

Mfano wa pili ni wa namna nyingine kabisa. *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, tafsiri ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1929, ilisomwa katika shule za Afrika Mashariki kwa muda mrefu, na Johnson ndiye aliyekuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ambayo ni mzazi wa taasisi za uchunguzi wa Kiswahili tulizo nazo. Katika riwaya hiyo ya Rider Haggard mashujaa wampata mikononi mwao Gagool, mchawi kikongwe aliyewaua watu wengi. Hawamwui. Lakini hawamwachi kwa huruma. Wamwacha kwa kuwa yeye peke yake ndiye ajuaye njia ya kuingia katika chumba cha hazina. Huo ni uhai wa kukodi. Gagool aifahamu biashara hiyo kuliko wao: awapeleka, kisha aufungulia mlango wa jiwe uwazike humo. Naye Foulata, msichana aliyejaribu kumzuia, achomwa kisu kabla mlango haujamponda mchawi mwenyewe, kisha afa. Mabwana watoka salama na almasi mifukoni. Aliyelipa ni msichana wa Kiafrika ambaye hakuulizwa kama Gagool aachwe hai au auawe. Nadhani vizazi vya wanafunzi vilivyosoma kitabu hicho vilifundishwa kumwogopa mchawi, lakini havikufundishwa kuihesabu gharama hiyo.

Michezo ya Shakespeare iliyofasiriwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960 yatupa mifano mitatu, na kila mmoja wajibu swali letu kwa njia yake. Mwalimu Nyerere alitoa *Juliasi Kaizari* mwaka 1963. Humo Cassius ataka Antony auawe pamoja na Kaizari, Brutus akataa. Mara nyingi kukataa huko husifiwa kuwa ni utu. Lakini tukitazama sababu anazozitoa Brutus, twaona kwamba amwacha Antony hai kwa sababu amdharau: kwake yeye Antony ni kiungo tu cha mwili wa Kaizari, na kiungo hakina nguvu baada ya kichwa kukatwa. Huruma iliyojengwa juu ya dharau ni hesabu mbovu, na Brutus ailipa Filipi kwa upanga wake mwenyewe.

*Mabepari wa Venisi*, ambayo Mwalimu aliitoa mwaka 1969, ina saa yetu katika hali ya kisheria. Shylock ataka nyama ya Antonio kwa mujibu wa hati. Sheria yamgeukia, na yeye ndiye awaye chini ya hukumu ya kifo. Mtawala ampa uhai kabla hajauomba. Je, si rehema? Ni rehema, walakini mali yake yachukuliwa, na dini yake yabadilishwa kwa amri. Shylock mwenyewe ajibu kwamba kumnyang'anya mtu njia yake ya kuishi ni kumnyang'anya uhai. Hapa anayelipa gharama ya kuokolewa ni yule aliyeokolewa, naye ailipa kwa bei asiyoweza kuimudu. Mfasiri aliyechagua neno *mabepari* katika jina la mchezo, mahali ambapo neno la kawaida la wafanya biashara lingetosha, hakuona kuwa wema wa Venisi ni wema wa bure.

Mfano wa tatu ni *Tufani*, tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1969. Prospero alipinduliwa na nduguye, akatupwa baharini pamoja na mtoto mdogo. Miaka kumi na miwili baadaye adui zake wote wamo kisiwani mwake. Aizusha dhoruba, lakini aagiza asipotee hata mmoja. Na ndugu huyo alipokula njama ya kumwua mfalme wa Napoli usingizini, Prospero amtuma Ariel kuizuia njama hiyo. Kwa hiyo awaokoa adui zake si na bahari tu, bali awaokoa na wenzao. Kisha asamehe, na nduguye hasemi neno moja la toba. Hapo ndipo ukubwa wa mchezo ulipo. Prospero haondoki na malipo ya machozi. Tena auacha uganga wake na kukitupa kitabu chake, yaani aitupa silaha iliyompa uwezo wa kuchagua. Mwenye kusamehe ndiye aliyelipa.

Sasa tumfikie Shaaban Robert, kwa maana yeye ndiye aliyelifikiri jambo hili kwa lugha yetu kwa urefu kuliko wengine. *Adili na Nduguze* kilitoka mwaka 1952. Hasidi na Mwivu, ndugu wawili ambao Adili aliwapokea na kuwafadhili baada ya kupoteza mali zao, wamtosa baharini kwa husuda. Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumnusuru, amwokoa na kutaka kuwaua ndugu wale. Adili awaombea. Huria akubali kutowaua, lakini awageuza manyani, na kumwamrisha Adili awachape kila usiku, naye atii kwa huzuni.

Imesemwa mara nyingi kwamba wahusika wa Shaaban Robert ni majina yaendayo kwa miguu: Adili ni uadilifu, Hasidi ni uhasidi, Mwivu ni wivu, na kwa hiyo hakuna la kuchagua, kwani jina limekwisha kuchagua. Sikubaliani na maoni hayo katika kisa hiki. Jina la Adili latuambia kwamba ataomba nduguze wasiuawe. Halituambii kwamba atashika kiboko. Mtungaji ambaye alitaka mfano wa wema tu angaliweza kuwaweka manyani wale katika kizimba, au kumpa Huria mwenyewe kazi ya kuwaadhibu. Adhabu imetiwa mkononi mwa yule aliyewaombea. Kila usiku liwali wa Janibu, mtu aheshimiwaye mchana, ayalipia maombi yake kwa mkono wake mwenyewe, na awaumiza wale ambao hakutaka wafe. Hiyo ndiyo tofauti tuliyoitenga hapo mwanzo: ameokoa, lakini deni halijafutwa. Sijui mahali pengine katika hadithi za Kiswahili ambapo uzito wa kumwachia adui uhai umewekwa wazi namna hii, kuwa ni kazi ya kila siku isiyo na shukrani.

Kisa hicho kina asili katika *Alfu Lela Ulela*, katika habari za Abdallah bin Fadhil wa Basra na nduguze wawili, ambao humo wamegeuzwa mbwa, na Khalifa Harun al-Rashid ndiye aombaye wafunguliwe. Shaaban Robert hakunakili. Badiliko lake kubwa liko mwishoni. Katika asili, ndugu wale wakiisha kurudishiwa umbo la binadamu hurudia uovu wao, humfanyia ndugu yao njama ya kumwua kwa mara nyingine, na huuawa kwa hukumu. Hadithi ya Kiarabu yasema, basi, kwamba huruma ilikosea. Katika *Adili na Nduguze*, Mfalme Rai akiisha kuingia kati na ndugu kufunguliwa, watubu kweli, na kitabu chafikia mwisho wa upatano na furaha.

Je, badiliko hili ni la heri? Kwa imani ndiyo. Kwa sanaa nina shaka. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, aliamini kwamba mtu aweza kubadilika, na hakutaka kuwafundisha vijana kwamba nyani hubaki nyani. Hilo ni jambo la kuheshimiwa, nalo ni la ujasiri kuliko asili. Lakini katika kurasa za mwisho gharama yatoweka. Manyani wakirejea kuwa watu, hatuoni makovu. Ndugu hawamwulizi Adili juu ya viboko, wala Adili haogopi macho yao. Mtungaji aliyetuhesabia deni kwa uaminifu usiku baada ya usiku alifuta daftari lote kwa mkupuo mmoja. Sehemu bora ya kitabu ni ile ya kiboko, na sehemu dhaifu ni ile ya furaha. Nasi tukiwapa wanafunzi furaha peke yake tutakuwa tumewapa nusu ya Shaaban Robert, tena nusu iliyo nyepesi.

Kizazi kilichofuata kiliipenda njia fupi. Katika riwaya za upelelezi za Elvis Musiba, kama *Kikosi cha Kisasi* cha mwaka 1979, Willy Gamba hasumbuliwi na swali letu. Adui ni wakala wa tawala za kibaguzi zilizokuwa kusini mwa Afrika, na afaapo kuuawa huuawa. Sitaki kuzidharau riwaya hizo. Ziliandikwa wakati wa vita vya ukombozi, na katika vita kumwacha adui hai ni kumkabidhi gharama askari mwenzako. Lakini zamzoesha msomaji kuona kwamba saa ile ya uchaguzi haipo, kwamba adui akipatikana hesabu imekwisha.

Nayo haikwishi. Kutoka Upanga, ambako makala haya yaandikwa, ni mwendo mfupi tu kuvuka Barabara ya Morogoro hadi Kariakoo. Kila mkazi wa sehemu hizi alijua neno ambalo likipigiwa ukelele sokoni hukusanya watu, mawe na matairi: *Mwizi!* Kijana aliyekamatwa na simu isiyo yake huwa adui wa mtaa mzima kwa dakika tano, na dakika hizo zaweza kumtosha kufa. Akitokea mtu mmoja, mama wa genge au dereva wa teksi, akasimama mbele yake na kusema apelekwe kituoni, mtu huyo hapati sifa. Huulizwa kama ni mwenzake, hutukanwa, pengine hupigwa. Kijana akifika Muhimbili yu hai, yule aliyemwokoa huwa amekwisha kulipa sehemu ya deni ambalo si lake.

Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa kuwa huruma ni tamu. Ahitaji kuambiwa ukweli wa bei yake, ili asidhani kwamba amekosea pale anapoumia. Hadithi iwezayo kumwambia hayo ni ile inayomweka liwali usiku mbele ya nduguze na kiboko mkononi, wala haifichi kwamba ameumia. Waalimu wafundishao *Adili na Nduguze* wangefanya vema kuusoma usiku huo polepole, kabla hawajafungua ukurasa wa furaha, na kuwauliza wanafunzi wao: hapa, ni nani alipaye?