Sifa za Mwenye Kasha

Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kitabu kiitwacho Barua za Shaaban Robert 1931–1958, mhariri akiwa Profesa M. M. Mulokozi. Mwandishi wa barua hizo alikuwa ameshafariki miaka 40 nyuma, Juni 1962. Barua zenyewe hazikutoka katika jalada la serikali wala kabati la mchapishaji. Zilitoka kwa aliyeandikiwa, Yusuf Ulenge, mdogo wake Shaaban, ambaye alizipokea moja baada ya nyingine, akazisoma, kisha akaziweka.

Tendo hilo la kuziweka linastahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 1931 Shaaban alikuwa kijana wa miaka 22, karani wa forodha. Alikuwa bado hajawa Shaaban Robert wa vitabu vya shule na wa barabara zilizopewa jina lake. Alikuwa kaka anayewaandikia wa nyumbani. Barua ya kaka kwa kawaida husomwa, hupita mikononi mwa jamaa, kisha hufungiwa karanga au huwashiwa moto. Miaka 27 ikapita, vita kuu ikaja ikaisha, kaka akahamishwa idara na vituo, siasa za uhuru zikapamba moto, na barua zikaendelea kuwekwa. Kuhifadhi karatasi ya mtu aliyekwisha kuwa mashuhuri hata mfanyabiashara anaweza. Kuihifadhi kabla jina halijavuma kunataka mapenzi, na mapenzi ya namna hiyo ndiyo mwanzo wa ufundi ninaotaka kuusifu hapa.

Tulichopata kwa ufundi huo si kidogo. Katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, Shaaban anajieleza mbele ya umma, amevaa kanzu ya Ijumaa. Katika barua anamwandikia mtu mmoja anayemjua tangu utoto, juu ya jamaa, kazi na vitabu vyake. Mwanafunzi wa fasihi anayetaka kuelewa jinsi karani wa serikali ya kikoloni alivyopata nafasi ya kuandika, na kwa gharama gani, hawezi kuzikwepa barua zile. Na zisingetunzwa na mtu mmoja, hakuna chuo duniani ambacho kingeweza kuzitunga upya.

Kwa watu wa pwani, kazi hii ni ya kale. Kabla ya kuwapo makumbusho na idara za nyaraka, fasihi ya Lamu, Pate, Siyu, Mombasa na Unguja ililala makashani, ndani ya nyumba za watu. Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, unaohusishwa na mwaka 1728 na kasri ya Pate, ni miongoni mwa tendi za kale zaidi zilizotufikia. Ulitufikia kwa sababu kulikuwa na watu walioona haya kuuacha upotee. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858 ili kumuusia binti yake. Ulianza kama mali ya nyumba moja, wasia wa mama kwa mwana. Nakala za mkono ndizo zilizoutoa nyumba hadi nyumba, mpaka ukapigwa chapa, na leo unasomwa na watoto wa shule ambao hawana nasaba na nyumba ile.

Mfano wa Muyaka bin Haji ni mkubwa zaidi, maana yeye alikuwa mshairi wa mdomo na wa mtaa. Alitunga Mombasa katika zama za Mazrui, akatia fitina, mapenzi, njaa na vita vya mji katika mashairi, kisha akafariki karibu mwaka 1840. Mashairi yalibaki vichwani mwa watu. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa akayakusanya kutoka kwa waliokuwa bado wanayakumbuka, akamwandikia na kumfafanulia mmisionari W. E. Taylor. Sikujua akafa mwaka 1890. Karatasi za Taylor zikaishia London, na kutoka humo William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, miaka mia moja hivi baada ya mshairi kuzikwa. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akamrudisha tena kwa wasomaji, safari hii pamoja na uchambuzi wa kina wa jamii iliyomzaa. Kwenye majalada ya vitabu hivyo utaona majina ya wahariri. Lakini mnyororo mzima ulining'inia kwenye pete moja, yaani mwalimu wa Mombasa aliyeona kwamba wazee wanakwenda na mashairi yao, naye akachukua kalamu.

Wahenga wanasema akiba haiozi. Akiba ya karatasi huoza, na pwani huoza upesi. Kuna mchwa, kuna mende, kuna unyevu wa kaskazi na kusi, kuna chumvi ya bahari inayopenya kila ufa, kuna paa linalovuja siku moja tu wenyewe wakiwa safarini. Kwa hiyo wenye makasha wa zamani walijua jambo ambalo wapenzi wengi wa vitu vya kale hulisahau: karatasi itakufa, kinachoweza kuokolewa ni maneno, na njia ya kuyaokoa ni kunakili. Bingwa wa kazi hii alikuwa Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mchongaji, mpigaji kibangala, mshairi na mwenye khati ambayo ukiiona hutaisahau. Aliwanakilia tendi watu wa kwao, na aliwanakilia wageni waliomlipa, akina Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Utendi wa Fumo Liyongo tunaousoma leo umefungamana na mkono wake tangu mwaka 1913. Wapo wanaomwona kama karani wa kuajiriwa tu. Mimi namwona kama mtu aliyeelewa kwamba utendi wenye nakala kumi una maisha kumi.

Kunakili nako si kufuata mistari tu. Hati ya Kiarabu iliyotumiwa na washairi wetu ilikuwa na herufi chache kuliko sauti za Kiswahili. Katika mwandiko wa zamani e na i zilipewa alama moja, o na u vivyo hivyo. P mara nyingi iliandikwa kwa herufi ya b. Na n au m inayotangulia konsonanti nyingine ingeweza kuachwa kabisa. Neno lile lile kwenye karatasi laweza kusomwa pita au peta, na kinachoamua ni maana ya ubeti, hesabu ya mizani na kina cha mwisho. Asiyejua Kiamu, asiyejua desturi ya utendi wenye vipande vinne vya mizani nane nane, atasoma upuuzi na kuunakili upuuzi huo kwa uaminifu mkubwa. Ndiyo maana mkusanyaji mzuri hakai peke yake na kasha lake. Humwita mzee, huketi naye, humsomea kwa sauti, husahihishwa, na huandika pembeni yale aliyosahihishwa. Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki Mombasa mwaka 2017, alikuwa wa aina hiyo. Alihifadhi tendi na pamoja nazo akahifadhi msamiati wa jahazi, wa mnazi na wa nyumba ya Kiswahili, kwa sababu alijua ubeti usio na msamiati wake ni kufuli lisilo na ufunguo.

Iko methali nyingine inayofaa kuandikwa juu ya kila kasha: mali bila daftari huisha bila habari. Miswada mingi ya pwani humalizika kwa mnakili kujitaja jina, kuweka tarehe ya Hijria na kumwomba msomaji dua. Mistari hiyo michache ya mwisho ndiyo daftari lenyewe. Inatuambia nani aliandika, lini, na mara nyingine kwa ajili ya nani. Ukiikata ili upate karatasi safi ya kutundika ukutani, umebaki na pambo. Barua isiyo na bahasha yake, picha isiyo na majina nyuma, daftari la mashairi lisilojulikana lilitoka nyumba gani: hivi vyote viko hai nusu. Na utendi mmoja ukiwa na nakala tatu zenye idadi tofauti za beti, mtafiti hawezi kupima ipi imeongezwa na ipi imepunguzwa bila kujua kila moja ilipitia mikono gani.

Hapa ndipo namkumbuka Sheikh Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Mombasa na baadaye Liwali wa Pwani ya Kenya. Alikuwa na kazi nzito ya utawala, lakini alikusanya miswada ya mashairi na habari za mji wake kama mtu asiye na kazi nyingine. Kitabu chake juu ya Al-Akida na Ngome ya Yesu, kilichotoka mwaka 1950, kinaonyesha vizuri ufundi huo. Ndani yake mna utenzi wa Abdallah bin Masud Mazrui juu ya uasi wa huyo Al-Akida, jemadari wa ngome, mwaka 1875, na Hinawy hakuuacha utenzi huo uelee hewani. Aliuzungushia historia ya watu na mahali, akampa msomaji kila kinachohitajika ili beti zieleweke. Vilevile alishirikiana na watafiti wa wakati wake badala ya kukalia alichonacho. Kwangu hiki ndicho kipimo cha mwisho: thamani ya mkusanyaji huhesabiwa kwa kile kilichotoka kashani mwake kikasomwa.

Maana kasha lina maradhi yake. Wapo wanaofunga kwa kuogopa kudhulumiwa, na hofu yao ina sababu. Miswada mingi iliondoka pwani kwa bei ndogo, au kwa ahadi ya kurudishwa, na leo mtoto wa Lamu anayetaka kuona mwandiko wa babu yake huelekezwa London au Hamburg. Siwezi kulisifu hilo. Lakini siwezi pia kukanusha kwamba baadhi ya yaliyoondoka yamesalia, na baadhi ya yaliyofungiwa nyumbani yakaliwa na mchwa mwenyewe akiwa amekalia ufunguo. Kati ya kupokonywa na kuozesha kuna njia ya tatu, na tayari inapitiwa. J. W. T. Allen alizunguka akikusanya miswada na kanda kwa ajili ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Hazina hiyo iko Afrika Mashariki. Lamu kwenyewe, miswada ya Msikiti wa Riyadha imepigwa picha za kidijitali, na maktaba ya mshairi na imamu Ustadh Mahmoud Mau imefanyiwa kazi kama hiyo. Picha zinasafiri, karatasi zinabaki kwa wenyewe. Kijuma angeielewa teknolojia hii mara moja, kwani ni kunakili tu kwa kalamu nyingine.

Kizazi chetu kina kazi ngumu zaidi. Tangu gazeti la Mambo Leo lianze mwaka 1923, washairi wetu wamekuwa wakipeleka tungo magazetini, na wasomaji wakizikata na kuzibandika madaftarini. Madaftari hayo yapo hadi leo, chini ya vitanda na juu ya makabati, Tanga, Mombasa, Unguja, Bagamoyo. Warithi wengi huyaona kama takataka za marehemu. Na mshairi wa leo hutunga kwenye simu, hutuma kwenye kundi, hufuta ili apate nafasi ya video, na rasimu zake humfuata kaburini bila hata kuoza. Hakuna Yusuf Ulenge wa simu iliyopotea.

Basi nakuomba, ewe msomaji, ukirudi nyumbani mwenu usifagie kabla ya kufungua. Likitokea daftari la mashairi, bunda la barua au picha ya watu waliovaa makoti mbele ya klabu ya taarabu, muulize mtu mzima aliyebaki ni nini hicho, kisha andika jibu lake kwa penseli, jina na mwaka, kwenye karatasi ya pembeni. Usibandike kwa gundi, usifunge kwa mpira, usiweke sakafuni. Piga picha kila ukurasa, hata ule mtupu wenye saini tu. Wape nakala watu wawili wasioishi nyumba moja. Na ukiwa na tungo zako mwenyewe, zitoe kwenye simu uziweke kwenye karatasi. Fanya hivyo wiki hii, maana wanaoweza kutusomea miandiko hii wanapungua kila mwaka.