Fundi wa Herufi

Neno ng'ombe, likiandikwa kwa programu ya ofisini ambayo ina desturi ya kuipinda ritifaa bila ya kumwomba mwandishi idhini, kisha likatiwa katika faili la XML na kupelekwa kwa programu nyingine isiyoafikiana na ile ya kwanza, huweza kutoka upande wa pili likiwa ngâ€™ombe. Msomaji akiliona hudhani kwamba kompyuta imeingiwa na wazimu au faili limeoza njiani. Walakini hapana kilichooza. Ritifaa iliyopindwa ina nambari 8217 katika orodha ya Unicode, na katika usimbaji wa UTF-8 huandikwa kwa baiti tatu, 226, 128 na 153, ambazo zimefika salama zote, ila aliyezipokea amezisoma kwa kanuni ya Windows-1252, ambamo kila baiti ni herufi peke yake, naye akaona â, kisha alama ya euro, kisha alama ya biashara. Kilichopotea si maandishi bali ni mwafaka baina ya aliyeandika na aliyesoma, na kazi ya kuurejesha mwafaka huo, inayofanywa na watu ambao aghalabu hawatajwi wala hawashukuriwi, ndiyo nitakayo kuisifu hapa.

Asili ya mashaka haya ni uchache wa nafasi. Mpango wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu, zikatosha kwa Kiingereza, na kwa bahati njema zikatosha kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi pia. Bali Mfaransa, Mrusi na Mwarabu hawakukuta humo haja zao, basi kila mmoja akazijaza nafasi 128 zilizosalia katika baiti kwa herufi za kwao, bila ya kujali jirani amejaza nini. Hivyo baiti 225 ni á katika ISO 8859-1 ya Ulaya ya magharibi, ni s ya Kirusi katika ISO 8859-5, na ni lam ya Kiarabu katika Windows-1256, na baiti yenyewe haisemi ni ipi katika hizo. Watu wa pwani wanaijua hali hii kwa njia yao, maana wazee walioandika tenzi kwa hati za Kiarabu waliitumia herufi moja, ba, kwa b, kwa p na hata kwa mb, na msomaji aliyeijua lugha na mizani ya beti akatambua papo hapo lililokusudiwa. Kompyuta haina sikio la mizani. Isipoambiwa kanuni ya kusomea itabahatisha, na kubahatisha kwake hakuna haya.

Dawa ilipatikana mwaka 1992, Ken Thompson na Rob Pike walipoibuni UTF-8 usiku mmoja katika mkahawa wa New Jersey, wakiichora juu ya karatasi ya kuwekea sahani. Uzuri wake, ambao kwangu mimi hauna mfano katika kazi za namna hii, ni kwamba maandishi ya ASCII hubaki kama yalivyo, na kila herufi iliyo nje ya ASCII huanzwa kwa baiti inayotangaza ni ngapi zitakazoifuata, nazo hizo sharti ziwe baina ya 128 na 191. Kwa sababu ya nidhamu hiyo, maandishi ya usimbaji mwingine, maadamu yana herufi za nje ya ASCII, ni nadra sana kujidai kuwa UTF-8 yasifedheheke katika mstari wa kwanza au wa pili.

Waliotunga XML, iliyoidhinishwa na shirika la W3C tarehe 10 Februari 1998, waliyajua hayo, wakaweka masharti mawili makali. La kwanza ni kwamba faili litaje usimbaji wake katika mstari wa kwanza, na lisipotaja, wala lisielezwe na chochote kilicho nje yake, lihesabiwe kuwa UTF-8, au UTF-16 ikiwa limeanza kwa alama yake maalumu. La pili ni kwamba kichanganuzi, yaani programu inayolisoma faili la XML, kikikutana na baiti isiyo halali kwa usimbaji uliotajwa, kitoe taarifa ya kosa na kisimame. Wengi wamelichukia sharti hili la pili, wakilipima kwa kivinjari, ambacho husamehe karibu kila upuuzi wa HTML. Mimi naliona kuwa ni rehema. Orodha ya wagonjwa au hati ya mirathi ikikataliwa saa ile ile, mtu huirekebisha kabla haijamdhuru yeyote. Lakini ikipokelewa na majina yaliyokorogeka, kosa huingia katika hifadhidata, likanakiliwa, likachapwa, na baada ya miaka hapana ajuaye jina lilikuwaje.

Fundi mwema hujulikana kwa jambo la kwanza alifanyalo, nalo ni kutoamini. Haamini akionacho kwenye skrini, kwa kuwa skrini nayo ni msomaji mwenye kanuni zake. Haamini tangazo la mstari wa kwanza, kwa kuwa huenda liliandikwa na programu moja na faili likahifadhiwa na nyingine. Hulifungua faili baiti kwa baiti na kuzisikiliza zenyewe zinashuhudia nini. Akikuta 146 iliyo pweke baina ya herufi za kawaida, ajua kwamba hiyo ni ritifaa ya Windows-1252, hata tangazo liseme UTF-8 mara mia. Akikuta 239, 187 na 191 zimerudiwa mara mbili mwanzoni, ajua kwamba alama ya utangulizi ya UTF-8 imetiwa na programu mbili, kila moja ikijidhania ndiyo ya kwanza, na ndiyo sababu kichanganuzi kimelalamikia kitu kilichotangulia tangazo ilhali macho hayaoni kitu. Akikuta tangazo la UTF-16 juu ya faili ambalo kwa kila dalili ni UTF-8, ajua kwamba maandishi yalitungwa katika kumbukumbu ya kompyuta, ambako programu za .NET huyaweka kwa UTF-16, kisha yakahifadhiwa kwa usimbaji mwingine na tangazo likaachwa lilivyo. Naye mwenyewe hukikabidhi kichanganuzi baiti, si maandishi yaliyokwisha kufasiriwa, asije akawa mwongo wa aina hiyo hiyo. (Palikuwa na kanuni, RFC 3023 ya mwaka 2001, iliyoamuru kwamba XML iliyotumwa kwa jina la text/xml bila ya kutajiwa usimbaji isomwe kuwa ASCII, hata faili lenyewe likisema vingine, nayo ilibatilishwa na RFC 7303 mwaka 2014, na sikusikia aliyeililia.)

Katika kutengeneza, lililo kubwa ni kupambanua kirejeshekacho na kisichorejesheka. Maandishi yaliyosomwa kwa kanuni isiyo yake na kuandikwa upya, kwa kawaida hurudishika kwa kuipita njia ile ile kinyumenyume: ngâ€™ombe hugeuzwa kuwa baiti za Windows-1252, baiti hizo zikasomwa kwa UTF-8, na ng’ombe akarejea zizini. Lakini Windows-1252 ina nafasi tano tupu, na mojawapo, 157, ndiyo baiti ya mwisho ya ile alama iliyopindwa ya kufungia usemi. Kwa hiyo aghalabu alama ya kufungulia huokoka na ya kufungia hupotea, na asiyelijua hili hushinda kutwa akitafuta uchawi. Na palipokwisha kutiwa ile almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza, nambari 65533, hapana tena cha kurejesha, kwa sababu baiti ya asili imetupwa. Ndiyo maana naichukia amri ile, iliyomo katika lugha nyingi za programu, ya kupuuza baiti zenye kosa na kuendelea: humpa mtu usingizi wa usiku mmoja kwa bei ya jina la mtu mwingine.

Basi namwomba kila atoaye data ya XML kwa matumizi ya wengine aitoe kwa UTF-8, autaje usimbaji huo katika mstari wa kwanza, na aiandike kwa maktaba ya programu iliyoundwa kwa kazi hiyo badala ya kuunganisha vipande vya maneno kwa mkono. Na apokeaye faili lenye kosa, kabla ya kulitengeneza kimya kimya, amwarifu aliyelitoa, amtajie ni baiti gani na ipo mahali gani.